Tenga la Mgeni Rasmi

Kuna watu pale chuoni mpaka leo wakiniona napita wanapunga mikono na kusema "rudini nyuma, rudini nyuma," halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna ndiyo watazidisha. Sijawahi kuisimulia habari hii yote kwa mdomo wangu. Wengi wanajua kile kipande cha video tu, kinachoonyesha gauni langu likipotelea mlangoni, na nawaambia ukweli, kipande kile hakionyeshi hata robo ya aibu yenyewe. Basi sogeeni niwaambie, na mkicheka mcheke kwa adabu.

Mimi nasoma usimamizi wa matukio na utalii, hapa Mwanza. Kwetu ni Muleba, na baba yangu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye akiingia ndani hata redio inapunguzwa sauti bila yeyote kuambiwa. Siku nilipomwambia nimechaguliwa kozi hii aliuliza, "Kwa hiyo unakwenda chuo kikuu kusomea sherehe?" Nikajieleza weee, mara utalii, mara hoteli, mara mikutano ya kimataifa, yeye anatikisa kichwa tu. Kwake kazi ni ualimu. Kaka zangu walimu, dada yangu mwalimu, nadhani hata mbwa wetu angekuwa na cheti angepangiwa kituo. Aliniacha niende, lakini mwaka wa pili akapiga simu kusema amenitafutia nafasi chuo cha ualimu Bukoba, jirani na kwetu, na kabla ya kuniamulia atakuja mwenyewe aone hicho ninachokisoma.

"Nikiona kina maana, utaendelea," alisema. "Nikiona ni mchezo, unafungasha, tunarudi wote."

Baba yangu hasemi kitu mara mbili, na sijawahi kusikia amesema kitu asikifanye. Kuanzia siku ile nikawa silali vizuri, maana kozi hii naipenda, jamani, naipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu, na nikifikiria kusimama mbele ya ubao na chaki mikono inakuwa ya baridi. Na kati ya siku zote za mwaka, akachagua kuja siku ya mtihani wetu wa vitendo.

Mtihani wa vitendo kwetu maana yake kila kundi linaandaa tukio la kweli lenye wageni wa kweli, na mwalimu wetu, Madamu Nyanjige, anakaa kwenye kona amevaa miwani yake anatoa maksi bila kutabasamu. Kundi letu lilipewa tamasha dogo la utamaduni wa Kanda ya Ziwa. Tukapata ukumbi pale ufukweni, tukaalika wazazi, walimu na watu wa hoteli, na mgeni rasmi akawa mama mmoja mnene mcheshi mwenye hoteli yake mjini. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kundi na pia ndiye MC (walinichagua kwa sababu ya mdomo, hawakunionea). Grace, ninayekaa naye chumba kimoja Igogo, alipewa chakula na zawadi.

Sasa sikilizeni nilipojichimbia kaburi. Nilikwenda Magu kuongea na Mzee Masanja, kiongozi wa kikundi cha ngoma, nikiwataka wale wachezaji wa majembe wanaoyarusha juu na kuyadaka. Tulipokubaliana akaniambia wana ngoma ya chatu pia. Mimi nyoka ninawaogopa hata kwenye picha, katika kile kitabu cha baiolojia cha sekondari niliubandika karatasi ukurasa wao mzima ili nisiguse kwa bahati mbaya. Lakini pale pale nikaiona sura ya baba akishuhudia kitu ambacho hakuna mwalimu wa Muleba amewahi kukiona shuleni kwake, nikajikuta nasema, "Basi mje na chatu." Na nikaamua nisimwambie mtu. Madamu angedai mpango wa usalama wenye kurasa na mihuri, Grace angejitoa kwenye kundi siku hiyo hiyo. Nikajiambia itakuwa sapraizi.

Asubuhi ya tukio baba akapiga simu basi likiwa Usagara, na ile sauti yake tu, "Nakaribia," ikanifanya nikae chini kwenye ngazi. Muda si mrefu kikundi cha Mzee Masanja kikashusha vitu vyao nyuma ya ukumbi, ngoma, majembe, njuga, na tenga moja lenye mfuniko, limefungwa kwa kamba nyekundu. Sikuhitaji kuambiwa ndani mna nini. Lilikuwa limetulia kabisa, na utulivu huo ndio ulionitisha, kwa sababu kitu kinachotulia hivyo hujui kinawaza nini.

Nikaona wapishi wataliona na habari zitazagaa. Tulikuwa na kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare za kundi letu, kile cha njano chenye maua, nikakirusha juu ya tenga nikiwa nimesimama mbali kama mtu anayemtupia mbwa ugali, kikaangukia vizuri kikafunika. Nikaomba vijana wa ngoma waliingize kwenye kile chumba kidogo kilicho nyuma ya jukwaa.

"Binti," Mzee Masanja akaniambia, "huyu huwa hakai mbari na mimi."

"Mzee wangu, zamu yenu bado sana. Nendeni mkale kwanza, pilau lipo jikoni."

"Rakini nani anamwangaria?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, na mguu wangu haukukanyaga tena kile chumba.

Baba akafika, suti yake ya kijivu, fimbo yake mkononi. Goti lake la kulia limeharibika siku nyingi, akikaa mahali pa chini hanyanyuki mpaka ashikwe mkono. Na mimi, kwa heshima zangu zote na mafunzo yangu yote, nikampeleka mstari wa mbele kabisa kwenye yale makochi ya wageni maalumu, yale yanayokumeza, nikamshusha taratibu mpaka akazama. "Shikamoo baba, karibu." Akaitikia marahaba huku anaangalia mapambo, anaangalia keki, anaangalia viti vilivyopangwa kwa mstari ulionyooka.  Hakuguna, na mnaomjua baba mnajua hiyo ni pongezi.

Na tamasha likaenda vizuri, Mungu shahidi. Majembe yakaruka yakadakwa. Kwaya ikaimba. Mgeni rasmi akatoa hotuba fupi (muujiza wa kwanza), jenereta halikuzima (wa pili), na nilipokuwa naelezea kwenye maiki jinsi utalii wa utamaduni unavyoingiza kipato kwa wenyeji nikamwona baba ametoa kalamu kwenye mfuko wa koti na anaandika nyuma ya ratiba. Baba yangu anaandika kitu nilichosema mimi! Moyo ukanipanda. Nikajiona nimeshinda.

Nikatangaza, "Sasa kundi letu linaleta zawadi kwa mgeni rasmi! Diijeeei!"

Mnajua zawadi zinavyoletwa kwetu, haziletwi hivi hivi kama mzigo wa posta. Muziki unapigwa, watu wanajipanga mlangoni, wanaingia kwa kucheza hatua moja mbele moja nyuma, zawadi iko kichwani imefunikwa, na haifunuliwi mpaka ifike mezani. Grace alikuwa ameandaa tenga la mchele wa Magu, senene wa kukaanga, asali na dagaa wakavu, amelifunika kwa kitenge cha sare yetu, amelifunga utepe mweupe wa satini, na kumbe alikuwa ameliweka kwenye kile kile chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Nikamwona anaingia wa kwanza, tenga kichwani, wasichana wanne nyuma yake, vigelegele vimejaa ukumbi. Kitenge cha njano chenye maua. Na chini ya kitenge, ikining'inia pembeni na kupiga piga sikio la Grace, kamba nyekundu.

Sijui niwaelezeeje ile hofu.  Masikio yakaziba, nikawa naona midomo ya watu tu inacheka. Nilijua mimi peke yangu katika ukumbi mzima, watu zaidi ya mia pamoja na baba yangu, kwamba Grace amebeba chatu kichwani, na anacheza.

Akili ikaniambia piga kelele. Lakini Madamu alitufundisha kwamba kwenye mkusanyiko usitamke hatari kwenye maiki, watu wataumizana mlangoni kuliko hiyo hatari yenyewe, na Madamu alikuwa pale pale kwenye kona ananitazama na kalamu yake. Nikamgeukia DJ nikapitisha mkono shingoni, kata muziki, kata! Yeye akaelewa sijui nini, akaongeza sauti. Nikabaki na maiki. Nikasema, "Naomba... naomba zawadi irudi kwanza. Rudini nyuma. Rudini nyuma kabisa!"

Ukumbi ukalipuka kwa furaha. Jamani, nilisahau mimi ni MC! Ma-MC wote wa nchi hii kazi yao ni hiyo, watu wakileta zawadi anawarudisha mlangoni, hamjacheza vizuri, rudini mrudie! Grace akacheka, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaanza upya, na safari hii akacheza kwa nguvu zake zote, anatikisa mabega, anazunguka, na tenga linazunguka naye. Mgeni rasmi akainuka kwenye kiti akaja kuwapokea naye anacheza. Nikapiga kelele kwenye maiki, "Hapana, nimesema rudini nyuma!" na watu wakashangilia zaidi, wakarudi mara ya pili. Kila nilipojaribu kumwokoa Grace nilikuwa namtikisia chatu.

Sauti iliponikauka, tenga lilikuwa juu ya meza kuu. Grace akanitazama, jasho linamtoka, akanong'ona, "Koku, huu mchele nani kauongeza? Mzito!" Ukumbi mzima ukaanza, "Fungua! Fungua! Fungua!" wanapiga makofi, na baba yangu naye, katika kochi lake, nikamwona anagongagonga fimbo yake kwa ukucha wa kidole gumba. Nilitaka kusogea. Nawaapia nilitaka kusogea nikamshike mgeni rasmi mkono. Mwili ulikataa.

Mgeni rasmi akatoa kitenge, akakitupia begani kama bibi harusi. Akafungua kamba. Akainua mfuniko, akiwa bado anatabasamu kuelekea kwa wapiga picha.

Kile kichwa kilitoka taratibu sana, kikatazama keki.

Kwa nusu ya pumzi hakuna aliyefanya lolote, kila mtu anasubiri mwingine aseme kwamba anaona anachoona. Na wa kwanza kukimbia, ndugu zangu, kabla ya mgeni rasmi, kabla ya Grace, kabla ya watoto waliokuwa wamekaa sakafuni, nilikuwa mimi. Mwenyekiti. "Mawe weee!" nikapiga ukunga wa nyumbani kabisa, yaani "mama yangu" kwa lugha ya kwetu, nikatimua, ule mlango wa pembeni nikaupita hata sijui nani aliufungua. Hicho ndicho kipande cha video. Nikazunguka nyuma nikaingia stoo ya viti, nikajifungia, nikavuta viti vya plastiki nikavipanga mlangoni, nikajikunja kwenye kona giza limenifunika na moyo unagonga mpaka kwenye meno. Nilisikia vishindo, meza ikianguka, watu wanaita majina ya watoto wao, halafu sauti zikahamia nje uwanjani.

Nikaanza kusali. Nilisali kwa sauti, nalia, maneno yanatoka yenyewe.

"Mungu wangu, Mama Bikira Maria, nisaidieni mimi leo, yule mdudu asinifuate huku, Madamu asinipe sifuri, keki isianguke jamani ni ya watu, jenereta lisizime nikabaki gizani na lile dude, na baba asijue ni mimi niliyelileta, asinirudishe Bukoba, sitaki ualimu, Mungu wangu, sitaki chaki, sitaki madaftari ya watoto wa watu, nataka kozi yangu, niachie kozi yangu tu nitakuwa mtu mwema, sitadanganya tena mtu yeyote..."

Niliendelea hivyo kwa muda mrefu. Kisha mlango ukagongwa taratibu, na sauti ya Grace, akiwa kama anataka kulia na kucheka kwa pamoja, ikasema, "Koku. Zima maiki."

Nikatazama mkono wangu. Maiki ilikuwa imeshikwa kwa vidole vyote vitano, na ile taa ndogo ya kijani inawaka.

Wote walikuwa uwanjani, wamesimama vikundi vikundi wakitazamana na ziwa, salama, kiatu kimoja cha mgeni rasmi hakionekani, na spika zetu kubwa za nje zilikuwa zimewasomea sala yangu toka mwanzo mpaka Grace alipogonga. Madamu alikuwa amevua miwani. Nilipita katikati yao natafuta suti ya kijivu. Nikazunguka mara ya kwanza, nikazunguka mara ya pili, ndipo nikakumbuka lile kochi.

Sitaki kulipamba hili. Nilikimbilia dirishani, na nilipochungulia nikamwona baba amekaa pale pale nilipomshusha, peke yake katika ukumbi mzima, viti vimeanguka kila upande, fimbo ameilaza mapajani, mikono juu ya fimbo, hatikisiki. Chatu alikuwa ameteremka mezani na sasa anapita sakafuni mbele ya viatu vyake, polepole, sehemu baada ya sehemu, kama hana mwisho. Mara nikadhani fimbo imemponyoka iko chini, kisha nikaona hapana, ni kivuli cha nyoka. Macho yangu yalikuwa yameshaharibika kwa woga. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka dirishani. Na hata hapo, nikimwona baba yangu mzazi vile, sikuingia. Nilishika nondo za dirisha nikaita "Baba! Baba!" na yeye hakugeuka.

Aliyeingia ni Mzee Masanja, mikono bado ina mafuta ya pilau, akitusema sote kwa Kisukuma kwamba tumemtisha mnyama wake. Akamkusanya kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe, akamrudisha kwenye tenga. Na aliyemshika baba mkono akanyanyuka ni Grace.

Tulimpatia baba benchi nje, kwenye upepo. Nikasimama mbele yake nikiwa nimeinamisha kichwa, gauni limechanika ubavuni, bado sina hakika kama nimefukuzwa chuo au bado. Alikunywa maji kwanza. Mengine yakamwagikia suti na hakuyafuta, na hilo, kwa baba, liliniogopesha kuliko chatu.

"Koku."

"Bee, baba."

"Nimesikia sala yako. Spika za ndani nazo zilikuwa zinafanya kazi."

Nikashika gauni pale lilipochanika.

"Umeombea keki."

"Ndiyo, baba."

"Umeombea na jenereta." Akaifunika chupa ya maji, akaiweka pembeni yake. "Mimi nilikuwa nimekaa pale yule kiumbe ananipita miguuni, nakusikiliza. Nikawa najiambia, subiri, sasa hivi atanifikia. Ukanifikia ukaomba nisijue. Basi nikasubiri tena, mpaka maiki ikazimwa."

Nililia mpaka kamasi, mbele ya wanafunzi wenzangu na wazazi wao. Nikasema nisamehe baba, nitafungasha, nitakwenda Bukoba kesho, nitasoma ualimu, nitafanya lolote. Na nilikuwa nasema kweli, wakati ule ningekwenda hata kwa miguu.

Akanitazama bila hasira yoyote, na hapo ndipo nilipokufa kabisa.

"Hapana," akasema. "Ualimu sikupeleki. Nitawapigia nafasi wampe mwingine. Mwalimu akishakimbia wa kwanza, watoto anawaachia nani? Wewe baki hapa hapa na kozi yako."

Nilipata nilichokiomba, chote. Hata keki haikuanguka. Kundi letu tuliamriwa kurudia mtihani muhula uliofuata, tukaurudia bila ngoma ya aina yoyote, tukafaulu. Sapraizi sifanyi tena katika maisha yangu, hata mtu akitaka kumshtua mchumba wake na pete namwambia atafute kampuni nyingine. Na nikiingia ukumbini siku hizi sianzi na jukwaa wala maua. Napita viti vyote nikiangalia wazee, wajawazito, wenye magongo, nawakalisha karibu na mlango kwenye viti vigumu virefu, wananiona sina heshima, mimi naendelea kupanga.

Baba tulishapatana, msijali. Ila kila nikimaliza tukio lazima apige simu, na haulizi wageni walikuwa wangapi wala nani alikuwa mgeni rasmi. Jumamosi iliyopita alipiga nikiwa nakusanya vitambaa vya meza peke yangu, wenzangu wote wameshaondoka.

"Leo umetoka wa ngapi?"

"Bado nimo ndani, baba."

"Haya," akasema, akakata.